Farasi wa Kiaislandi anaacha tolti na kuegemea skeidi: turekebishe kwa vifaa au kwa mazoezi?

Mwanaidi wa Holstein aliuliza:

Salaam, wakuu. Ninafanya kazi katika zizi la farasi wa Kiaislandi huku Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, na msimu huu wa baridi nimekabidhiwa farasi jike wa miaka 6 nimwendeleze mazoezi. Ni farasi wa miendo mitano, yaani mbali na hatua za kawaida, mchakamchaka (mwendo ambao miguu huenda kwa jozi za mshazari) na shoti (mbio), ambayo ni miendo ya karibu farasi wote duniani, anayo pia tolti, mwendo laini wa milio minne, na skeidi, mwendo wa kasi ambao miguu ya upande mmoja huenda pamoja. Ana moyo wa kazi, anapenda kwenda, na hana hila yoyote. Tatizo lake liko kwenye tolti.

Anapoianza kutoka kwenye hatua za kawaida, tolti yake huwa safi kabisa: kwato nne zinagonga ardhi moja baada ya nyingine kwa nafasi zilizo sawa, na mimi niliye juu ya tandiko sirushwi hata kidogo. Nikimwongezea mwendo, au tukiingia kwenye kona, mlio unabadilika. Kwenye barabara ya lami nausikia wazi: badala ya milio minne iliyo sawa, inakuja miwili miwili, pa-pa, kimya kidogo, pa-pa, kwa sababu miguu ya upande mmoja inakwenda karibu pamoja. Wakati huohuo mgongo unakakamaa chini ya tandiko, kichwa kinapanda, mkia unaacha kuning'inia kwa ulegevu, na mwili mzima unayumba kushoto na kulia. Siwezi kusema kwamba hiyo ni skeidi ya kweli, kwa kuwa haina kasi wala ule muda mfupi ambao miguu yote iko hewani. Ni mwendo mzito wa katikati unaomchosha yeye na mpandaji pia.

Ushauri ninaopewa hapa zizini ni mwingi na unapingana. Mmoja ananiambia nimkataze kabisa mchakamchaka mpaka tolti itakapokaa sawa, asije akachanganyikiwa. Mwingine anataka nimvalishe buti nzito za kwato miguu ya mbele. Wa tatu amenipa lijamu lenye vyuma virefu pembeni na upinde wa kupisha ulimi, akisema kwamba nikimwinua kichwa kwa lijamu hilo, milio minne itarudi yenyewe. Na yuko anayesema kwamba tolti ni tunu ya kuzaliwa, hivyo farasi asiyeishika vizuri hana tunu hiyo, na ni bora auzwe.

Ningependa kusikia kutoka kwa wanaowafahamu farasi hawa kwa karibu: katika tolti, kipi kinatokana na kuzaliwa na kipi kinatokana na mafunzo? Na katika mashauri hayo niliyopewa, ni lipi lina msingi?

---

Mkazi wa Skagafjörður alijibu:

Dada Mwanaidi, salaam kutoka kaskazini mwa Aislandi. Uliyoyaeleza kuhusu mlio kwenye lami yanatosha kuonyesha kwamba una sikio zuri, na sikio ndilo chombo cha kwanza cha anayefundisha tolti. Nitakujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu swali lako la kwanza likieleweka vizuri, mengine yanakuwa mepesi.

Chukua duru moja ya miguu, tangu ukwato wa nyuma wa kushoto ukanyage hadi utakapokanyaga tena, kisha uigawe sehemu nne. Katika tolti iliyo safi, ukwato wa nyuma wa kushoto unakanyaga kwanza, robo ya duru baadaye unafuata wa mbele wa kushoto, robo nyingine wa nyuma wa kulia, na robo ya mwisho wa mbele wa kulia. Mpangilio huo ni uleule wa hatua za kawaida. Tofauti ni kwamba katika tolti farasi anabebwa na mguu mmoja au miwili tu kwa wakati, hivyo anaweza kwenda polepole kama anatembea au kwa kasi inayokaribia shoti bila kumrusha mpandaji. Sasa fikiria kwamba ukwato wa mbele wa kushoto unawahi, unakanyaga karibu sawia na wa nyuma wa upande huohuo: hapo umeielekea skeidi. Ukichelewa badala ya kuwahi, hadi ukaribie kukutana na wa nyuma wa kulia, umeuelekea mchakamchaka, ambao miguu yake huenda kwa jozi za mshazari. Tolti iko katikati ya miendo hiyo miwili, na kila farasi ana upande anaouegemea anapochoka, anapoogopa, au anapopoteza mizani. Wako anaegemea skeidi, jambo la kawaida sana kwa farasi wa miendo mitano.

Kuhusu kuzaliwa, leo tunajua mengi kuliko waliojua babu zetu katika kazi hii. Mwaka 2012 kundi la watafiti lililoongozwa na Leif Andersson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, lilichapisha katika jarida la Nature matokeo kuhusu jeni inayoitwa DMRT3. Jeni hiyo hufanya kazi katika seli za neva za uti wa mgongo zinazoratibu mwendo wa miguu, na badiliko moja dogo ndani yake huikata protini kabla haijakamilika. Karibu farasi wote wa Kiaislandi wenye skeidi waliopimwa walikuwa wamerithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama, ilhali aliyelirithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huwa farasi wa miendo minne, mwenye tolti lakini asiye na skeidi. Utafiti uliofuata, uliotumia alama za farasi waliokaguliwa kwa ajili ya ufugaji, ulionyesha kwamba kurithi kwa pande zote mbili huinua alama za tolti na skeidi, lakini hushusha zile za mchakamchaka na shoti. Kwa hiyo anayesema farasi wako hana tunu amekosea. Anayo tele, kilichopungua ni nguvu na mizani ya kuibeba akiwa na mtu mgongoni.

Badiliko hilo ni la zamani. Limepatikana katika mifupa ya farasi wa York, Uingereza, wa karne ya 9, na katika mifupa ya Aislandi ya kati ya karne ya 9 na ya 11, yaani nyakati zilezile ambapo walowezi walikuwa wakivuka bahari kuja hapa. Kwa muda mrefu kisiwa hiki kimefungiwa farasi wa nje, na hata farasi wetu akitoka, kwa mfano kwenda kwenye mashindano ya dunia, haruhusiwi kurudi.

Hapa Skagafjörður watoto wa farasi huzaliwa majira ya kuchipua na kukua ndani ya kundi, juu ya ardhi yenye vichuguu vya nyasi, mashimo, mito na miteremko. Wengi hupelekwa malisho ya juu kiangazi na kuteremshwa mwezi Septemba. Simama ukingoni mwa malisho utamwona mtoto asiyeguswa na mtu akipita kwenye tolti, kisha mchakamchaka, kisha shoti, akibadili kufuatana na ardhi. Hakuna aliyemfundisha. Kazi ya kumpanda huanza akiwa na miaka 4 hivi, na hapo ndipo matatizo kama yako yanapojitokeza, kwa sababu uzito wa mpandaji unavuruga mizani ambayo mnyama aliijenga peke yake kwa miaka yote hiyo. Ndiyo maana wengi huku humfanyia mafunzo ya mwanzo kwa wiki kadhaa, kisha humrudisha malishoni apumzike, mwili na akili yake vipate muda wa kuyapokea aliyojifunza.

Katika mazoezi, mrudishe kwenye kile anachokiweza. Umesema mwenyewe kwamba akitoka kwenye hatua za kawaida tolti huwa safi. Basi fanya hatua za kawaida zenye uhai, na zoezi la kuingiza bega ndani, yaani farasi aende mbele huku mabega yake yameelekezwa kidogo ndani ya njia, hadi uhisi mgongo umelegea na hatamu imekuwa nyepesi. Kisha mwombe tolti kwa umbali mfupi, na umrudishe kwenye hatua za kawaida kabla milio haijaanza kuungana. Ukisubiri iungane ndipo umzuie, utakuwa umemfundisha kuunganisha. Umbali huo utaongezeka wenyewe kadiri nguvu za nyuma zinavyokua. Mteremko huwavuta farasi wa aina yake kwenye skeidi, hivyo chagua njia inayopanda taratibu. Na usimnyime mchakamchaka, kwa sababu ndio unaolegeza mgongo ambao skeidi inaukaza.

---

Fundi Kwato alijibu:

Namuunga mkono ndugu wa Skagafjörður. Mimi ni fundi wa kutengeneza kwato na kupigilia viatu vya chuma, hapa Jutland, Denmark, kwa hiyo nitasema kuhusu buti na lijamu tu.

Buti nzito za mbele zina mantiki ya kimaumbile, na ni haki kulisema hilo kabla ya kuzikataa. Ukiuongezea uzito mguu wa mbele, unakaa hewani muda mrefu zaidi na unachelewa kukanyaga. Kwa farasi ambaye mguu wake wa mbele unawahi, kuchelewa huko kunaisogeza miguu mbali na skeidi, na milio inatengana. Kwa farasi anayeegemea mchakamchaka hali ni kinyume, uzito hufaa zaidi nyuma. Kwa hiyo aliyekushauri hakubuni, ameona kitu kikifanya kazi. Shida ni kwamba uzito unaigusa dalili na kukiacha chanzo. Mgongo uliokakamaa unabaki vilevile chini ya tandiko, na siku ukizivua buti, pa-pa yako inarudi. Isitoshe, kila gramu unayoiweka kwenye ukwato inainuliwa na kupigwa chini kila hatua, na kano za mguu ndizo zinazolipa. Shirikisho la kimataifa la vyama vya farasi wa Kiaislandi, FEIF, limeweka mpaka: katika mashindano ya michezo kinga za kwato haziruhusiwi kuzidi gramu 250 kwa mguu, na kiatu cha chuma kisizidi unene wa milimita 10. Mipaka hiyo imewekwa kwa sababu watu walikuwa tayari kuongeza bila kikomo.

Kabla hujafikiria uzito, angalia kwato zenyewe. Alipigiliwa viatu lini? Ukwato ukiachwa mrefu mbele, unachelewa kujiinua kutoka ardhini, na robo zile nne alizozieleza mwenzangu zinavurugika bila kosa la farasi wala la mpandaji. Mimi huwarudia farasi wengi kila baada ya wiki 6 hadi 8. Nimeitwa mara nyingi kumwona farasi mwenye tatizo la tolti, na nilichokikuta ni mguu mmoja wa mbele ambao pembe yake ilikuwa tofauti na ya mwenzake. Simama mbele yake kwenye sakafu iliyo sawa, mwache asimame kwa uzito ulio sawa miguuni, uangalie kama ukingo wa juu wa kwato mbili za mbele uko kwenye kimo kimoja. Kisha mtazame akitembea kuja kwako na kuondoka, kwenye ardhi ngumu, bila mpandaji.

Lijamu lile lirudishe kwa aliyekupa. Mwaka 2012 daktari wa mifugo Sigríður Björnsdóttir na wenzake waliwakagua midomo farasi wa mashindano makubwa mawili ya Aislandi, likiwamo Landsmót, mkutano mkuu wa farasi wa nchi hiyo. Walikuta vidonda vingi vya mdomoni, na lijamu lenye vyuma virefu pembeni pamoja na upinde wa kupisha ulimi lilihusishwa zaidi ya mengine na vidonda kwenye ule mfupa mtupu wa taya ya chini ambapo hakuna meno. Ulimi ndio mto wa asili unaopunguza mgandamizo wa chuma. Upinde ukiutoa ulimi njiani, chuma kinaukalia mfupa ambao umefunikwa na ngozi nyembamba tu, na vile vyuma vya pembeni vinauzidisha mvuto wa mkono wako mara kadhaa. Mwaka 2014 FEIF ilipiga marufuku aina hiyo katika mashindano yake. Farasi akiinua kichwa kwa ajili ya maumivu ya taya, mgongo unazama, nyuma inabaki mbali, na tolti unayoisikia kwa dakika chache ni ya mnyama anayekimbia kitu kinachomuuma.

Ukitaka ushahidi kwamba tolti haitoki mdomoni, tazama shindano la T2 katika ratiba ya FEIF. Sehemu yake moja inamtaka mpandaji azishike hatamu zote mbili kwa mkono mmoja, zikiwa zimelegea, bila kugusana na mdomo wa farasi, na milio minne ibaki sawa. Wanaoliweza ni wale ambao farasi wao wamejengwa kuanzia mgongoni na miguu ya nyuma.

---

Mkufunzi wa Värmland alijibu:

Ndugu zangu wameeleza vizuri, lakini kuna mahali ambapo natofautiana na mkazi wa Skagafjörður, na nadhani tofauti hiyo ni muhimu kwa huyu farasi mahususi.

Kusema "usimnyime mchakamchaka" ni sahihi kwa farasi wa miendo minne, na ni sahihi kwa wa miendo mitano aliyekwisha kuupata chini ya mpandaji. Lakini mwenzangu mwenyewe ametueleza kwamba urithi uleule unaompa skeidi unaushusha mchakamchaka. Nimewaona hapa Sweden wapandaji wengi wakiambiwa "tafuta mchakamchaka kwanza", wakamkimbiza farasi anayeegemea skeidi, wakainuka kwenye vikuku vya kukanyagia vya tandiko na kumsukuma aende kasi kwa matumaini kwamba jozi za mshazari zitajitokeza. Zinazojitokeza ni hofu na kasi. Farasi anajifunza kwamba mpandaji akiinuka, basi ni kukimbia, na sasa una matatizo mawili badala ya moja.

Kwa farasi wa namna hii mimi hutangulia na shoti. Katika shoti miguu ya upande mmoja haiwezi kwenda pamoja kama katika skeidi, kwa hiyo mwili unalazimika kuuvunja ule mpangilio, na mgongo unapanda na kushuka badala ya kuyumba. Tafuta uwanja mrefu wenye udongo mwepesi, mpandaji akae kwa wepesi, na hesabu ya kushoto na kulia iwe sawa. Ukimrudisha kutoka kwenye shoti hadi hatua za kawaida, kisha ukamwomba tolti ya polepole, utaona kwamba tolti inayokuja ina nafasi zaidi kati ya milio. Huo mchakamchaka mwachie kwanza bila mzigo: mwongoze ukiwa umepanda farasi mwingine, au mzungushe kwa kamba ndefu akipita juu ya magogo mepesi yaliyolazwa chini. Magogo yanamlazimu kuinua kila mguu kwa wakati wake na kuangalia anapokanyaga. Siku atakapoutoa mchakamchaka mwenyewe katika kazi hiyo, tena kwa utulivu, ndipo utakapomwomba chini ya tandiko.

Jambo la pili ni mpandaji. Umesema kwamba mlio unaharibika kwenye kona. Chunguza unachofanya wewe kwenye kona. Wapandaji wengi wa tolti walirithi mkao wa zamani wa kukaa nyuma sana, miguu mbele, mikono juu, kwa imani kwamba uzito ulio nyuma humwinua farasi mbele. Uzito ukikaa juu ya kiuno chake, anaukaza mgongo ili aubebe. Kaa juu ya mifupa ya makalio, katikati ya tandiko, na kwenye kona usiuvute mkono wa ndani. Mwache aingie kona akiongozwa na uzito wako na mguu wako wa nje.

Nakubaliana na wote kuhusu lijamu na buti. Sina la kuongeza hapo.

---

Mpanda Farasi wa Nanyuki aliuliza:

Nawasalimu nyote. Mimi huwapandisha wageni farasi huku Laikipia, Kenya. Farasi wetu ni wa damu mchanganyiko na hawana tolti, lakini mjadala huu umenigusa katika jambo moja. Farasi wa Kiaislandi ni mdogo, na picha zinaonyesha watu wazima warefu wakiwa juu yake. Je, uzito wa mpandaji hauwezi kuwa ndio unaomvuruga jike wa Dada Mwanaidi? Huku kwetu tunawapima wageni kabla ya kuwapandisha.

---

Mkazi wa Skagafjörður alijibu:

Ndugu wa Nanyuki, swali lako ni la haki. Farasi hawa wengi wana kimo cha kati ya sentimita 130 na 145 mabegani na uzito wa kilo 330 hadi 380 hivi, na ni kweli kwamba huwabeba watu wazima kwa safari ndefu. Chuo Kikuu cha Hólar, kilichoko hapa Skagafjörður na ambacho hufundisha upandaji na mafunzo ya farasi, kilishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ambapo farasi walipimwa wakiwa kwenye tolti na mzigo wa kati ya asilimia 20 na 35 ya uzito wa miili yao. Kadiri mzigo ulivyoongezeka, mapigo ya moyo na asidi ya misuli kwenye damu viliongezeka, hatua zikawa fupi na za harakaharaka. Hatua fupi za harakaharaka ndizo zinazoipunguzia tolti nafasi kati ya milio. Kwa hiyo endelea kuwapima wageni wako, na Dada Mwanaidi naye ajumlishe uzito wake na wa tandiko, aulinganishe na wa farasi. Farasi mwenye misuli aliyezoea kazi hubeba mzigo kwa namna tofauti na wa miaka 6 ambaye bado anajengwa.

Kwa mkufunzi wa Värmland: nakubali hoja ya shoti kwa farasi wa aina hii, na nakubali kwamba mchakamchaka usitafutwe kwa kasi. Ninachokipinga ni ule ushauri wa kwanza aliopewa, wa kuukataza kabisa. Farasi anayekatazwa mwendo mmoja anaanza kumhofia mpandaji kila mwili wake unapouelekea mwendo huo, naye hawezi kujua kwamba leo ni kosa na kesho itakuwa ruhusa. Ukijitokeza wenyewe, mwache aende nao hatua kadhaa, mpapase shingoni, kisha umrudishe kwa upole.

---

Mwanaidi wa Holstein aliandika tena:

Nawashukuru sana wote kwa majibu yenye uzito. Lijamu nimelirudisha, na ninatumia lile jepesi la kawaida lenye maungio mawili. Fundi Kwato, nilifanya ulivyosema kwenye sakafu ya zege: ukwato wa mbele wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto na pembe yake imelala zaidi, na kona inayomshinda kuliko nyingine ni ya kulia. Fundi wa hapa atakuja kumrekebisha.

Nilijaribu shoti kama alivyoelekeza mkufunzi wa Värmland. Akiongozwa na mguu wa kushoto ni nzuri, ila akiongozwa na wa kulia anavunjika katikati, nyuma inaenda kivyake na mbele kivyake. Hata hivyo, baada ya shoti ya kushoto tolti ya polepole ilikuja kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia kwake: kichwa chini kidogo, masikio yakicheza, na alipuliza pumzi ndefu kupitia puani. Ilikuwa fupi, nami nilimsimamisha ingali safi.

Swali langu la mwisho ni kuhusu skeidi. Mwenye zizi anataka apelekwe kwenye ukaguzi wa ufugaji, na anahofia kwamba tukiipendelea tolti tutaipoteza skeidi, ambayo ina alama zake. Je, hofu hiyo ina msingi?

---

Mkufunzi wa Värmland alijibu:

Shoti ya kulia isubiri fundi wa kwato. Usimlazimishe kwenye upande ambao ukwato wake unampa shida. Akisharekebishwa, mpe muda auzoee mguu wake mpya, ndipo umwombe tena, ukianza kwenye duara pana.

---

Mkazi wa Skagafjörður alijibu:

Hofu ya mwenye zizi inaeleweka, kwa sababu katika ukaguzi wa ufugaji farasi asiyeonyesha skeidi kabisa hupewa 5.0 kwa mwendo huo, alama ya chini kabisa, na hilo linaushusha wastani wake. Lakini skeidi haipotei kwa kuijenga tolti. Iko kwenye urithi wake, na farasi mwenye mgongo uliolegea na nyuma yenye nguvu huitoa kwa ubora zaidi kuliko yule aliyezoea kuyumba katikati. Mwendo ule mzito ulioueleza mwanzoni, wa polepole na wa milio miwili miwili, hauthaminiwi popote: si tolti kwa jaji wa tolti, na si skeidi kwa jaji wa skeidi. Ukiuacha uwe tabia, utapoteza miendo yote miwili.

Skeidi ya kweli ni mwendo wa kasi. Miguu ya upande mmoja inakwenda pamoja na kati ya pande mbili kuna muda wa kuwa hewani. Farasi wa mashindano hupita kilomita 40 kwa saa, na mbio zenyewe ni za mita 100, 150 au 250, kwa sababu mwendo huo unakula nguvu nyingi mno. Farasi huiingia kutoka kwenye shoti ya kasi, kwenye njia iliyonyooka, naye akiwa amenyooka mwili mzima tangu shingo hadi mkia. Kwa maana hiyo, shoti safi kwa pande zote mbili ndiyo maandalizi ya skeidi, na mpango unaoufuata sasa kwa ajili ya tolti unaiandaa skeidi pia. Wapandaji wengi wenye subira huku hawaiombi kwa dhati hadi farasi afikishe miaka 7 au zaidi, na hata hapo ni kwa umbali mfupi, mara chache kwa wiki.

Mwombe mwenye zizi aahirishe ukaguzi hadi msimu utakaofuata. Kwa sasa, farasi akikuonyesha kwenye shoti kwamba anataka kuingia skeidi, usimwadhibu na usimsukume; mnyooshe, mpunguze taratibu kwa kukaa vizuri badala ya kuvuta hatamu, afike kwenye hatua za kawaida, kisha uanze upya.